Ile Mpya Ilikuwa na Tarehe ya Zamani

Hawa mwanangu,

Barua huanza kwa kuuliza hali, lakini hali yako naijua. Upo nyumba ya tatu kutoka hapa, kwa mama Rehema, unasukwa, na kwa vile mkono wake ni mzito, sasa hivi umekunja uso na ukiulizwa unasema huumii. Nina alasiri nzima mpaka mistari yako iishe. Nimefunga mlango wa uani ili asije mtu kuazima kinu, nimekaa kwenye meza ya chakula, na ninaandika kwa kalamu. Kila siku nachapa barua za watu wengine kwenye kompyuta. Hii sitaki ipite kwenye mashine.

Mambo ya chuo cha Moshi sikuandikii. Sweta limo kwenye begi, na una miaka kumi na tisa. Ukishindwa kufua shuka zako huko, aibu ni yako. Nataka kukueleza habari ya dada Stella. Najua ukisikia jina hilo utanuna, na mimi ndiye niliyekufundisha kununa. Wakati fulani ulikuwa ukipita Mbagala huachi kuingia kumsalimia, na yeye alikuwa akikuachia uchape jina lako kwenye kompyuta mpaka kioo kijae Hawa Hawa Hawa. Halafu ukaacha. Siku ile tulipokutana naye kituoni, kabla hajarudi kwao, ulitazama pembeni, na mimi nikakuona, nikanyamaza.

Alichosema Stella kilikuwa kweli. Nimeanza na hilo ili hata mistari ya mama Rehema ikiisha mapema, liwe limeshaandikwa.

Sasa nikueleze ilivyokuwa. Shirika lilipopunguza watu nami nikapunguzwa, nilikaa nyumbani miezi saba. Baba yako alikuwa ameshafariki, wewe ulikuwa darasa la tano. Nilikuwa mpiga chapa hodari, mashine ya taipu niliijua hata gizani, lakini Dar nzima ilikuwa imejaa wapiga chapa hodari waliopunguzwa. Bwana Seif ndiye aliyenichukua. Alikuwa na duka la vifaa vya maandishi hapa Temeke, la babu yake, na mpwa wake alikuwa amemletea kutoka Dubai kompyuta mbili zilizotumika. Moja akaiweka Temeke, nyingine kwenye chumba alichokodi Mbagala. Nikajifunza kwa kitabu na kwa kukosea. Mwaka wa pili nikawa mkubwa wa kazi, na kule Mbagala akaajiriwa Stella, Mpare wa Same, binti mwepesi wa mikono na mzito wa maneno. Nilimfundisha mimi.

Mashine mbili hazijuani, mwanangu. Hakuna waya kati ya Temeke na Mbagala. Mteja akichapiwa barua Mbagala, ya Temeke haina habari. Kwa hiyo kila Ijumaa Stella alinakili kazi zake za wiki kwenye disketi, akazitia ndani ya kopo la maziwa ya unga lisiingie vumbi, akaja nalo kwangu. Mimi nilitoa orodha ya faili za mashine yangu kwa printa, na orodha ya disketi zake, nikazilaza karatasi mbili mezani, nikashika rula na kalamu nyekundu, nikateremka mstari kwa mstari. Faili iliyopo kwake na kwangu haipo, nanakili. Iliyopo kwangu na kwake haipo, nampa. Jina likiwa lile lile pande zote mbili, naangalia tarehe ambayo mashine yenyewe huandika kila unapohifadhi kazi. Ya karibuni inabaki, ya zamani inafutika. Sheria yangu ilikuwa maneno mawili, mpya inashinda, na nilijiona mjuzi sana kwa sheria hiyo. Bwana Seif alikuwa akileta wageni waje waone ninavyolinganisha.

Kisha ikaja kazi ya mashamba. Wazee wa kijijini kwa bibi yako, upande wa Kimbiji, walisikia kwamba wapimaji wanakuja, wakakubaliana kila mwenye shamba aandikishe maelezo yake kabla wageni hawajafika: shamba linaanzia wapi, linaishia wapi, nani analilima. Walituletea sisi. Wengine walikuja Temeke kwa pantoni, wengine waliokuwa na shughuli za Mbagala wakaenda kwa Stella. Kila shamba faili moja, na faili tuliipa jina la mwenyewe. Tungeweza kuzipa namba, lakini wazee hawakutaka kuwa namba. Mmoja aliniambia, "Mie si gunia la korosho, binti, niandike jina langu."

Bibi yako alikuja Temeke na baba yako mdogo Shomari. Unamkumbuka alivyokuwa akiingia mahali, anasalimia mpaka viti. Akakaa mbele yangu, akanitajia mipaka yake yote, Shomari akimkumbusha pale aliposahau. Mwisho akasema shamba analiangalia Shomari. Nikachapa, nikahifadhi kwa jina lake, akaniombea dua, wakaondoka. Hiyo ilikuwa faili ya kwanza.

Ya pili sikuijua. Wiki tano baadaye alirudi peke yake, na hakuja kwangu. Alipanda lori la nazi mpaka Kongowe, na mguu wake ule mbovu, kisha akaenda Mbagala kwa Stella, mtu asiyemjua. Nimefikiri sana kuhusu safari hiyo. Kuja kwangu ilikuwa rahisi kwake, angelala hapa, ungemkanda mguu. Alizunguka kwa makusudi. Alichotaka kuandikisha kilikuhusu wewe, na hakutaka mtu yeyote aje kusema kwamba mkwe aliyekaa kwenye mashine ndiye aliyeandika maneno yale kwa faida ya mwanawe. Alinilinda.

Stella akamchapia maelezo mapya, akayahifadhi juu ya jina lile lile, Mwanahawa, kwa vile faili ile ya kwanza alikuwa nayo tangu Ijumaa moja ya nyuma. Ijumaa iliyofuata akaniletea kopo.

Huo ulikuwa mwaka wa mgao wa umeme. Unaukumbuka kwa kusomea kibatari na kulalamika moshi. Mimi naukumbuka kwa saa ya kompyuta. Ndani ya kompyuta kuna betri ndogo inayoshika tarehe mashine ikiwa imezimwa. Ya Mbagala ilikuwa imekufa. Kila umeme uliporudi, mashine iliamka haijui leo ni lini, ikamuuliza Stella tarehe. Aliniambia. Aliniambia kwa adabu, hapa Temeke, amesimama mlangoni na kopo lake: "Dada, ile mashine kila umeme ukirudi inaniuliza tarehe, na wateja wamesimama. Niijibu nini?" Nami nilikuwa na kadi za harusi mia mbili mbele yangu. Nikamjibu bila kugeuka, "Bonyeza enta tu, itajijua yenyewe."

Haikujijua. Ukibonyeza enta bila kuandika kitu, inarudi mwaka wa themanini, Januari mosi, siku iliyowekwa kiwandani. Stella alinitii. Maelezo ya mwisho ya bibi yako yakaandikwa yakiwa na tarehe ya miaka kumi na kitu kabla ya yale ya kwanza.

Mie nikalaza karatasi zangu mbili mezani, nikashika rula. Mwanahawa kwangu, Mwanahawa kwake. Yangu ya mwaka huu, yake ya themanini. Mtu mwenye akili angejiuliza, mwaka wa themanini kompyuta hii ilikuwa wapi? Hata kule Dubai haikuwa imezaliwa. Mimi nilitia alama nyekundu nikanakili yangu juu ya yake. Sikuifungua nisome. Ilikuwa ya saba katika orodha na nilitaka kuwahi samaki sokoni. Mashine za wakati ule zilikuwa haziulizi mara mbili. Unasema nakili, inanakili, na kilichokuwa chini kimekwenda. Disketi ikarudi Mbagala, Stella naye akainakili kwenye mashine yake kama nilivyomfundisha. Kufikia Jumatatu mashine zote mbili zilikuwa sawasawa kabisa, na zote mbili hazina neno la bibi yako. Nilifurahia usawa huo. Ndivyo nilivyokuwa.

Bibi alifariki mwezi uliofuata, na tukio la mazishi unalijua. Baada ya arubaini wazee wakakutana kijijini kusomewa orodha yote, nasi tukaitwa, mimi na Stella, tuliochapa. Uliachwa nyumbani una mtihani, kwa hiyo yaliyotokea uliyapata kwangu, na niliyokupa yalikuwa nusu.

Katibu wao alipofika kwa bibi, akasoma yale ya kwanza. Stella akanyanyua mkono. Nilishangaa, kwa sababu mbele za watu huwa hasemi. Akasema, "Samahanini wazee wangu. Bibi huyu alirudi kwangu Mbagala akabadilisha. Upande wa kisima alimpa mjukuu wake."

Shomari akacheka kwanza, akadhani amekosea mtu. Kisha akaacha kucheka. Mzee aliyeongoza kikao akanigeukia mimi. "Mama Hawa, wewe ndiye mkubwa wa mashine hizo. Hilo neno limo?"

"Kwenye disketi halimo, mzee," nikasema. Ilikuwa kweli. Saa ile sikuwa najua lolote.

Wakaanza kunong'ona, na minong'ono hainipiti mimi, nina masikio ya kazi. Mmoja akasema, "Mjukuu gani? Si huyo mwanawe mwenyewe?" Yaani nilikuwa nimemtuma Stella. Nikasimama nikasema kwa sauti, "Huyu binti sikumtuma mimi. Anayoyasema anayajua mwenyewe." Shomari naye akasema, "Basi ni mwongo." Stella akanitazama. Hakulia wala hakubisha, alinitazama tu, akinisubiri. Akasema kuna disketi nyingine ofisini Mbagala, apewe nafasi aitafute. Katibu akageuza ukurasa, akasoma shamba linalofuata.

Hiyo ilikuwa Alhamisi. Ijumaa asubuhi nilikwenda Mbagala mwenyewe, nikasema nakwenda kukagua wino wa printa. Nikawasha mashine. Ikaniuliza tarehe. Mwanangu, nilikaa na swali lile kwenye kioo, na ndani ya dakika moja nikaelewa kila kitu, kuanzia kopo la maziwa mpaka uso wa Stella kikaoni. Mkono ulikuwa wangu. Na lile neno la enta lilikuwa langu pia.

Bwana Seif alimwachisha kazi Jumamosi. Kwa upande wake alikuwa na haki. Ofisi ya kuchapa ikisemwa kwamba inatunga maneno ya marehemu, nani ataileta barua yake? Kati ya Ijumaa asubuhi na Jumamosi mchana nilikuwa na siku moja na nusu ya kusema sentensi moja, na Bwana Seif alikuwa kiti cha pili kutoka kwangu. Aliniuliza hata, "Mama Hawa, una la kumtetea?" Nikasema sina.

Nitakupa sababu zangu, si kwa kujitetea, ila kwa sababu na wewe utakuja kuwa nazo za kwako, na zinafanana. Niliogopa kupunguzwa mara ya pili. Hiyo ndiyo niliyoijua. Nyingine niliivalisha nguo nzuri: nilijiambia kwamba nikisema sasa, watu watasema natengeneza wasia kwa ajili ya mwanangu, kwa hiyo kunyamaza kwangu ni heshima, ni kuzuia ugomvi kati yetu na baba yako mdogo. Nikaamini. Nilikuwa nikijihesabu mwanamke aliyeacha haki ya mwanawe kwa ajili ya amani ya ukoo, na nilikuwa nikijipenda kidogo kwa hilo. Wakati huo Stella amebeba begi lake anarudi Same na jina la mwongo.

Na ile disketi nyingine aliyoisema sikuitafuta. Ilikuwa kwenye droo yake kule Mbagala, ningeipata kwa dakika kumi. Niliogopa kuipata. Miaka mitatu, Hawa. Nimepita mbele ya droo ile mara ngapi sijui.

Mwezi uliopita Bwana Seif alifunga chumba cha Mbagala, vitu vyote vikaletwa Temeke, zikiwemo disketi boksi nne. Akaniambia nizipitie, faili zilizojirudia nizifute, disketi zilizo safi ziuzwe tena. Kompyuta ina amri ya kulinganisha. Unaipa faili mbili, inazisoma zote, inakutolea mistari isiyofanana tu, na zikifanana inakwambia hakuna tofauti. Nilikuwa naijua tangu mwanzo lakini nilikuwa siitumii, ilinipotezea muda. Safari hii niliitumia kwa kila faili, hata kama majina ni mbalimbali. Nilikuwa nimeshajifunza kwamba jina na tarehe ni ganda la nje. Nilikuta kadi moja ya harusi imehifadhiwa kwa majina sita. Nilikuta barua mbili zenye jina moja, moja ya kuomba kazi, nyingine ya kuacha.

Kwenye disketi iliyoandikwa kwa kalamu "Stella, mazoezi" kulikuwa na faili inaitwa Bibi. Nikaifungua. Kumbe siku ile, kwa woga wa umeme kukatika, alichapa kwanza pale, ndipo akaihamishia panapostahili. Nimeilinganisha na ile yetu. Mistari ya mipaka yote ni sawa, neno kwa neno. Mwisho ndipo zinapoachana. Nakunakilia kama ilivyo:

"Shamba ni lile lile nililolisema Temeke. Lakini upande wa kisima, kutoka mkorosho uliopinda mpaka kwenye kaburi la mume wangu, nimempa hiba somo yangu, mjukuu wangu Mwanahawa. Nimempa nikiwa hai, si urithi. Nilimzungusha mipaka kwa miguu yake na panga nimemkabidhi. Alipokuja likizo nikiwa na mguu alinichotea maji mwezi mzima hakunung'unika ila siku mbili. Shomari ni mwanangu na asikasirike, yeye ana nguvu atafungua pengine. Mtoto wa kike asiye na baba awe na mahali pa kurudi."

Panga hilo lipo nyuma ya mlango wa jikoni. Umelitumia kukatia kuni miaka yote hii. Jaribu kukumbuka siku ile alipokuzungusha, wewe ukadhani mnapalilia.

Nilipoisoma nililia, na nilipomaliza kulia nikaona haya kuliko nilivyowahi kuona. Kwa miaka mitatu nilijua nimefuta kitu, lakini maneno yenyewe sikuyajua. Nimechapa maneno ya watu wengi. Yale peke yake yalikuwa ya kwetu, na sikuyafungua.

Ningeweza kungoja tena. Mimi ni fundi wa kungoja. Lakini umesikia kwamba kuna mtu wa mjini anautaka upande wa kisima, ameshakuja mara mbili kupima kwa kamba, na Jumamosi alikuwa arudi wakubaliane na Shomari. Shamba likishakwenda mikononi mwa mgeni, hakuna disketi itakayolirudisha. Kwa hiyo asubuhi hii, baba yako mdogo alipokuja kukuaga na wewe ulikuwa umetoka kununua kufuli, nilimkalisha hapa hapa ninapoandikia. Nikampa karatasi ya faili ya bibi iliyotoka kwenye printa, na karatasi nyingine niliyoiandika kwa mkono, ukurasa mmoja na nusu, inayoeleza nilichokifanya tangu kwenye enta mpaka kwenye droo.

Shomari husoma polepole, anafuata kwa kidole. Aliisoma ya bibi mara mbili. Pale kwenye "asikasirike" kidole kilisimama.

"Shemeji," akasema, "umeijua hii tangu lini?"

"Maneno yake, mwezi uliopita. Kosa langu, tangu wiki ile ile."

"Mie nilimwita yule binti mwongo mbele ya wazee."

"Mie nilikuacha umwite."

Chai yake ikapoa na nzi akaingia, nikaimwaga nikamletea nyingine, naye hakuinywa. Halafu akasema, "Wazee hawatakubali karatasi. Karatasi mtu yeyote anachapa, na wewe ndiye mwenye mashine. Watamtaka aliyeandika aje aseme kwa mdomo wake." Nikasema najua. Akasema, "Huyo jamaa wa Jumamosi nitamwambia asije kwanza. Ila usidhani nimeridhika, shemeji. Kisima kile nimekichimbua upya mie." Akaondoka, na karatasi zangu ameziweka mfukoni mwa shati. Ba'mdogo wako si mtu mbaya. Alipewa orodha yenye makosa akaiamini, na aliyeitengeneza orodha ni mama yako.

Sasa naja kwenye basi. Basi la Moshi kesho litasimama Same watu wale. Stella yuko pale pale stendi, ana kibanda cha kuchapa, nimeelezwa na yule mama wa Kipare anayeuza tangawizi sokoni. Hana kompyuta. Amerudi kwenye mashine ya taipu, yeye aliyekuwa akichapa kompyuta bila kutazama vidole. Mwambie dereva unateremka Same, utapanda jingine kwenda Moshi. Nauli ya ziada imo ndani ya Kurani yako ndogo. Chuo hakifungui mpaka Jumatatu.

Msalimie kwanza kama zamani. Akikujibu vibaya, pokea, ni langu hilo limepitia kwako. Kisha mpe bahasha yake. Ndani kuna ile ile niliyompa Shomari, ukurasa mmoja na nusu kwa mkono wangu, na kopi ya faili aliyoichapa mwenyewe. Bwana Seif nitamwandikia yake nimpe kesho kutwa asubuhi kabla hajafungua duka, na akinipunguza, atakuwa amenipunguza kwa haki kuliko wale wa shirika.

Usimwombe Stella kitu. Nisikilize vizuri hapa, kwa sababu najua moyo wako na najua unapapenda kwa bibi. Usimwambie kwamba wazee wanamngoja, wala kwamba bila yeye kisima kinakwenda. Hayo yameandikwa kwenye karatasi, atayasoma. Akiamua kuja aje kwa ajili ya jina lake. Akiamua kutokuja, basi kisima kitakwenda, na utakuwa umekikosa kwa mkono wangu wala si wa kwake. Utanikasirikia, na nitakaa na hasira yako. Mara ile nilimwacha yeye akae nayo.

Jambo la mwisho, ndiyo maana nimetaka uipate barua hii kabla ya safari.

Ile karatasi ya mkono nimeiandika mara tatu, ya Shomari, ya Stella na ya kwako, ambayo nimeikunja nyuma ya hii. Ningeweza kuichapa mara moja nikatoa kopi tatu zisizopishana hata nukta. Nilitaka niione inatoka mkononi mara tatu. Na unajua kilichotokea? Nilipofika ya Stella, nilimaliza, nikasoma, nikakuta sikuandika pale aliponiuliza kuhusu tarehe nami nikamwambia abonyeze enta. Niliruka. Sikukusudia, mkono uliruka wenyewe. Nikaichana nikaanza upya. Kwa hiyo mkono huu siuamini sana, na bahasha ya Stella sikuigandisha.

Kesho basi likishapita Chalinze na watu wakianza kusinzia, toa karatasi mbili hizo, yake na yako, zilaze mapajani, teremka mstari kwa mstari kama ulivyokuwa ukiniona nafanya. Ukikuta zinapishana mahali, usiangalie ipi nimeiandika mwisho. Ile inayoniaibisha zaidi ndiyo ya kweli. Isahihishe nyingine kwa kalamu yako, ndipo umpe.

Nasikia sauti yako unamuaga mama Rehema. Kichwa kinakuuma na utasema hakiumi.

Mama yako